Nimemlea tangu ana miaka 4, leo naambiwa si mtegemezi wangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kazini usiku, wazee wamelala na kengele zimetulia, kwa hiyo nisamehe maneno yakirukaruka.

Mimi ni mama wa miaka 44, Mbembe wa Fizi, Kongo. Tuliingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa binti, nikaolewa humo, nikafiwa na mume humo, na 2016 tukaletwa hapa Columbus, Ohio, mimi na vijana wawili. Mmoja nimemzaa, mwisho wa 2024 alikuwa na miaka 20. Wa pili ni wa marehemu dada yangu. Baba yake alitangulia, dada akafuata, mtoto nikamchukua akiwa na miaka 4. Mwisho wa 2024 alikuwa na 21. Hajui mama mwingine.

Sasa habari yenyewe. Mwaka jana, wakati wa kujaza kodi ya 2024, ndugu mmoja tunayesali naye alikuja nyumbani na kompyuta yake, akaketi meza ya jikoni, akauliza wanafunzi ni wangapi. Nikasema vijana wawili wako chuo cha jamii, na mimi mwenyewe nachukua somo moja la jioni la istilahi za utabibu. Akacheka: “Mama, nyumba hii ina dhahabu! Kila mwanafunzi ana 2,500 zake serikalini.” Akataka namba zetu za Social Security, zile za hifadhi ya jamii, na jina la chuo, basi. Sikuombwa risiti hata moja. Pesa zilipoingia nikampa dola 600, nusu ya kazi yake na nusu akasema ni ya shukrani. Nilishukuru kweli, maana nililipia gari.

Wiki iliyopita imekuja barua ya IRS, idara ya kodi ya Marekani. Wanataka nithibitishe wanafunzi wote watatu. Nimetoa makaratasi yote kwenye mfuko wa plastiki ninamoyaweka, na ninayoyaona ni haya. Fomu 1098-T, ile ya chuo inayoonyesha ada na ruzuku, ya mwanangu wa kuzaa: kisanduku cha 1, cha ada, kina 4,700, kisanduku cha 5 kina 6,900, ambayo ni ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo. Anasoma muda wote, vitabu vilikuwa 400, na wikiendi anaosha vyombo mgahawani, alipata 6,000 mwaka mzima. Ya mtoto wa dada: kisanduku cha 1 kina 2,300, cha 5 hakina kitu. Alama zake zilianguka, ruzuku ikakatwa, tangu hapo anachukua masomo mawili tu kila muhula na kujilipia mwenyewe kwa mshahara wa bohari. Mwaka huo alipata 19,400. Vitabu alinunua mtandaoni vya 300, risiti ziko kwenye simu yake. Na yangu mimi ni 620. Kwa zamu zangu zote na za ziada nilipata 58,000.

Mtoto wa dada ameniambia jambo lililonichoma. Eti chuoni wamemwambia kwamba kikodi yeye si mtegemezi wangu. Nikamwuliza, kama si wangu, wewe ni wa nani? Akanyamaza, na mimi nikajuta kuuliza.

Nisaidie, Shangazi. Je, mimi ni mwizi? Nitadaiwa kiasi gani? Na mdogo wangu anayesoma chuo kikuu Bukavu, Kongo, ambaye namtumia dola 900 za masomo kila mwaka, naweza kumweka mwaka huu ili anisaidie kupunguza deni?

Mama wa Wawili, Columbus

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Kabla hujasoma neno jingine, geuza hiyo barua uangalie tarehe ya mwisho ya kujibu. Mara nyingi wanatoa siku 30. Watu wetu wengi huiweka barua ya IRS chini ya Biblia wakingoja ipoe, na barua hizo hazipoi. Usipojibu watafuta nafuu zote tatu za kodi ulizodai kwa mkupuo, hata ile ambayo ni haki yako, kisha watakutumia deni. Kama tarehe imekaribia, waandikie uombe muda zaidi, lakini usikae kimya.

Mwizi huitwi. Ila ritani, yaani fomu ya kodi iliyotumwa, ni yako, hata kama vidole vilivyobonyeza vilikuwa vya mtu mwingine. Sheria ya Marekani haina huruma kwenye hilo: aliyetia sahihi ndiye anayejibu.

Huyo ndugu yenu alichukua jambo la kweli akalikata kichwa na miguu. Nafuu ya kodi ya dola 2,500 kwa mwanafunzi ipo. Inaitwa American Opportunity, imekuwepo tangu 2009. Lakini haitolewi kwa kuwa na mwanafunzi ndani ya nyumba. Inahesabiwa kwa ada, malipo ya lazima ya chuo na vitabu vilivyolipwa kweli: dola 2,000 za kwanza zinarudi zote, na 2,000 zinazofuata zinarudi robo. Ndiyo maana kilele chake ni 2,500, na anayefika kileleni ni yule ambaye gharama zake zimefika 4,000 baada ya kuondoa ruzuku. Chakula, chumba, basi na bima ya afya havimo. Mwanafunzi lazima awe anasomea shahada au cheti kinachotambulika, asome angalau nusu ya mzigo wa kawaida kwa muhula mmoja wa mwaka huo, awe hajamaliza miaka minne ya kwanza ya elimu ya juu, na nafuu hiyo iwe haijadaiwa kwa ajili yake zaidi ya mara nne. Yupo pia anayefungiwa kwa kosa kubwa la dawa za kulevya, lakini hilo halikuhusu.

Halafu kuna dada yake, Lifetime Learning, wa sheria ya 1997. Huyu ni mpole wa masharti na mchache wa mkono: asilimia 20 ya ada, isiyozidi dola 2,000 kwa ritani nzima, hata ukichukua somo moja, hata ukiwa na miaka 70. Ila hupunguza kodi unayodaiwa tu. Kodi ikifika sifuri, na yeye huishia hapo. American Opportunity ndiyo inayoweza kukurudishia mkononi, asilimia 40 yake, yaani hadi dola 1,000. Nafuu zote mbili huanza kupungua kipato kikizidi 80,000 kwa asiye na mwenzi na hufika mwisho kwenye 90,000. Kwa mume na mke wanaojaza pamoja ni 160,000 na 180,000. Kwa upande huo uko salama.

Nianze na wewe mwenyewe maana ni rahisi. Somo moja la jioni halifiki nusu ya mzigo, kwa hiyo 2,500 alizoandika kwa jina lako zifutwe bila kubishana. Badala yake unadai Lifetime Learning: asilimia 20 ya 620, ambayo ni dola 124. Najua zinaonekana kama chenji ya sokoni, lakini ni zako.

Bukavu hapana, na usiligeuzegeuze. Chuo kinachohesabika ni kile kinachoruhusiwa kushiriki mipango ya misaada ya wanafunzi ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na mtegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Mdogo wako anagonga ukuta mara mbili. Mtumie 900 zake kama ulivyokuwa ukimtumia, ni sadaka yako, IRS haina sehemu.

Sasa mwanao wa kuzaa. Hapa ndipo mtu wa haraka angekuambia huna kitu: ada 4,700, ruzuku 6,900, kisanduku cha 5 kimekimeza cha 1. Na kweli, kwa jinsi ritani ilivyojazwa, hizo 2,500 hazikuwa na mguu wa kusimamia. Lakini ngoja.

Ruzuku ya Pell inaruhusiwa kulipa ada, na inaruhusiwa pia kulipa maisha ya mwanafunzi: chakula, pango, nauli. Sheria inamwachia mwanafunzi kuchagua kwenye ritani yake kwamba sehemu fulani ya ruzuku ilikwenda kwenye maisha. Sehemu hiyo inahesabika kuwa kipato chake, na kwa kufanya hivyo anaiachia ada ionekane imelipwa kwa pesa nyingine. Mpaka hapo ukisikia kichwa kinauma, usijali, na mimi kiliuma mara ya kwanza. Tufanye kwa hesabu yake.

Ada na vitabu vyake jumla ni 5,100. Ruzuku ni 6,900. Zile 1,800 zilizozidi zilipaswa kuandikwa kama kipato chake hata bila ujanja wowote, na nina shaka kama ziliandikwa. Sasa aongeze 2,000 nyingine, afanye 3,800 kuwa kipato. Ruzuku inayobaki kwenye masomo ni 3,100, na gharama zilizobaki wazi ni 2,000. Hizo 2,000 ndizo zinazorudi zote. Yeye je, atatozwa? Mshahara 6,000 na 3,800 ni 9,800. Mwaka 2024 hata mtegemezi mwenye kipato cha namna hiyo hatozwi kodi ya shirikisho hadi 14,600, na jimbo la Ohio nalo halimdai mtu wa kipato hicho. Atalipa sifuri, na wewe utapata nafuu ya dola 2,000 kihalali, 800 kati yake ikiwa ya mkononi.

Angeweza kwenda mbele hadi gharama wazi zifike 4,000, lakini kuanzia hapo kila dola inakuletea senti 25 tu, na lazima awe kweli ametumia kiasi hicho kwa maisha. Kijana anayelala kwa mama yake na kula ugali wa mama yake, mimi nisingemsukuma mbali hivyo. Hizo 3,800 aweze kuzieleza: mafuta ya gari, simu, chakula cha chuoni, anachochangia kwenye pango. Na kama kuna msaada mwingine anaopata unaopimwa kwa kipato chake, aulize kwanza kabla ya kuandika.

Jambo hili haliwezekani kwa kila ruzuku. Kama barua ya msaada inasema “kwa ajili ya ada tu”, basi ni ada tu. Mkopo ni habari nyingine kabisa: ada iliyolipwa kwa mkopo inahesabika kama imelipwa na mwanafunzi mwenyewe, mwaka ule ilipolipwa chuoni.

Nije kwa mtoto wa dada, ambaye nadhani ndiye aliyekufanya uandike usiku wa manane.

Ujue kwanza kwamba kwenye jambo hili sheria ya kodi ya Marekani inakaribia mila zetu kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa dada yako au kaka yako, anayeishi kwako zaidi ya nusu mwaka na ambaye hajitegemei kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, anahesabika kuwa mtoto wako sawasawa na uliyemzaa. Hawakuulizi uchungu wa kuzaa. Wanauliza umri na masomo: asifike miaka 19 mwisho wa mwaka, au kama ni mwanafunzi wa muda wote, asifike 24. Kwa hiyo miaka yote ile uliyomwandika alikuwa wako kwa haki. Kilichobadilika 2024 ni masomo mawili kwa muhula. Hayo ni nusu ya muda. Nusu ya muda inatosha kufungua mlango wa nafuu ya elimu, lakini inafunga mlango wa kuwa mtegemezi ukiwa na miaka 21. Milango miwili, funguo mbili, na ndugu yenu hakujua hata moja.

Upo mlango wa nyuma kwa ndugu wakubwa unaowatunza nyumbani, lakini kwa 2024 kipato chake kilitakiwa kiwe chini ya 5,050. Bohari ilimlipa 19,400. Chuoni walimweleza sawa.

Lakini tazama kinachofuata. Kwa kuwa si mtegemezi wako wala wa mtu yeyote, nafuu ni yake mwenyewe. Ada 2,300 na vitabu 300 ni 2,600. Dola 2,000 zinarudi zote, 600 zinarudi robo, ambayo ni 150. Jumla 2,150. Kodi yake kwa mshahara ule ilikuwa kama 480. Hiyo inafutika yote. Asilimia 40 ya 2,150 ni 860, na hizo anapewa mkononi. Yaani yuko kijana nyumbani kwako anayeidai serikali dola 1,340 na hajui.

Hapo kwenye zile 860 pana kizuizi ambacho kingeweza kumkamata. Kijana wa chini ya miaka 24 anayesoma muda wote, ambaye mshahara wake haufiki nusu ya gharama za kumtunza, hapewi sehemu ya mkononi. Kijana wako hasomi muda wote, kwa hiyo hakimhusu. Na hata angekuwa anasoma muda wote, kizuizi hicho kinamgusa tu mwenye mzazi angalau mmoja aliye hai. Nimeshajaza fomu hizi miaka mingi, na bado kila nikifika kwenye mstari huo huwa napunguza mwendo. Mtu aliyekaa Washington akaandika sheria ya kodi alimkumbuka yatima. Wewe mwambie kijana wako kwamba maelekezo ya fomu namba 8863, ya kudai nafuu hii, yatamuuliza kuhusu wazazi wake, asishtuke, ajibu ukweli.

Ulimwuliza yeye ni wa nani. Mrudie leo, kabla ya kuzungumza pesa. Mwambie kwamba karatasi ilikuwa inauliza krediti ngapi amechukua na mshahara wake ni kiasi gani. Vijana wa umri huo husikia wanachoogopa kusikia.

Yeye arekebishe ritani yake ya 2024 kwa fomu 1040-X. Nina hakika aliweka alama kwamba kuna mtu anayeweza kumdai kama mtegemezi, hiyo aiondoe. Ana miaka mitatu ya kufanya hivyo, lakini afanye sasa maana pesa zinahitajika sasa. Mwanao naye atarekebisha yake kwa zile 3,800. Wewe usitume 1040-X, kwa sababu ritani yako iko mezani kwa mkaguzi tayari. Unajibu barua, unaambatisha hesabu sahihi na vielelezo.

Deni ni hili. Kwa kipato cha 58,000, ukiwa mkuu wa kaya mwenye mtegemezi mmoja, kodi yako ya 2024 kabla ya nafuu ilikuwa kama 4,001. Ndugu yenu aliandika nafuu za 7,500: 4,500 zikaimaliza kodi yote, na 3,000 ukapewa juu ya makato ya mshahara wako uliyorudishiwa. Kwa haki ulistahili 1,200 za kupunguza kodi kutoka kwa mwanao, 124 zako, 500 za kuwa na mtegemezi mkubwa, na 800 za mkononi. Ulipaswa kubaki umelipa 1,377. Tofauti ni dola 4,377, na juu yake kuna riba, na wakiamua kuna faini ya asilimia 20. Wakikataa ile hesabu ya Pell, ongeza 2,000. Ni nyingi, sikudanganyi. IRS hukubali kulipwa kwa awamu kila mwezi, na zile 1,340 za kijana, kama mtakubaliana ninyi wenyewe, si haba. Ila ni zake. Usimwombe siku hiyohiyo.

Linalonitia wasiwasi kuliko faini ni kufungiwa. Mtu akidai American Opportunity kwa uzembe wa makusudi wanaweza kumfungia miaka miwili, na kwa udanganyifu miaka kumi. Mwanao bado ana mwaka mbele yake. Kwa hiyo usiende mwenyewe na usimtume yule ndugu akusemee. Tafuta kliniki ya walipa kodi wa kipato cha chini. Zipo nchini kote, zina wanasheria wanaosimama na mtu mbele ya IRS bure au kwa pesa kidogo, na muulize kama kaya yenu inaingia kwenye kiwango chao cha kipato. Waeleze kama ulivyonieleza mimi: meza ya jikoni, namba za Social Security, hakuna risiti. Na mwaka utakaodai tena baada ya kunyimwa, utaambatisha fomu 8862, usiisahau.

Kuhusu huyo mnayesali naye. Chukua nakala ya ritani, ukurasa wa pili, chini kabisa, mahali pa aliyetayarisha. Nabahatisha kwamba ni patupu, kana kwamba ulijaza mwenyewe. Anayelipwa kujaza ritani lazima atie sahihi na aandike namba yake ya PTIN, ile ya watayarishaji wa ritani, na kwa nafuu hii hasa anatakiwa kukuhoji na kujaza fomu 8867 kuonyesha kwamba amekuhoji. Asiyeandika jina lake hajasahau. Unaweza kumripoti kwa fomu 14157. Najua utasema ni ndugu wa kanisani, mkewe alikuletea chakula ulipougua. Hesabu kwanza ni nyumba ngapi za Nyarugusu amekaa kwenye meza zake za jikoni, kisha uamue.

Kwa ritani ya 2025 mnayokaribia kujaza, nendeni VITA, ile huduma ya bure ya kujaza ritani ya watu waliopimwa na IRS, hukaa maktaba na vituo vya jamii kuanzia mwisho wa Januari. Kila mmoja na mfuko wake. Fomu 1098-T chuo hutoa kabla ya Januari 31, lakini fomu hiyo peke yake haitoshi: ingieni kwenye akaunti ya chuo mchapishe orodha ya malipo yenye tarehe, maana ada ya muhula wa Januari iliyolipwa Desemba inahesabika mwaka ilipolipwa. Nimeona familia ikipoteza mwaka mzima kwa kuwa muhula wote ulilipwa Desemba na hakuna aliyeangalia. Na hesabuni zile mara nne kwa kila kijana. Shahada ya miaka minne inayoanza Agosti inagusa miaka mitano ya kodi, kwa hiyo mwaka mmoja lazima uachwe. Bora uwe ule wa gharama ndogo.

Wasomaji wengine wawili wameniuliza jambo la jirani, niwajibu hapahapa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 kwa kawaida huhesabika si mkazi kikodi kwa miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, na asiye mkazi hapati nafuu hizi, hata kama mwenzake wa chumbani amepata. Na walio na namba ya kodi ya ITIN bila namba ya Social Security: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 sheria mpya imewafungia nafuu zote mbili. Ya 2025 bado jazeni.

Mama wa Wawili, risiti za vitabu zilizo kwenye simu ya kijana zichapishwe leo, simu za vijana huanguka chooni. Na ukishaonana na wa kliniki, niandikie wamesemaje kuhusu zile 3,800.

Wako, Shangazi